Kilwa Haikupotea

Natembeza wageni Kilwa Kisiwani, na huu ni mwaka wa ishirini. Kabla ya hapo nilibeba chokaa. Naanza na chokaa kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuyaona magofu, na kwa sababu wageni wengi hudhani mtu wa kazi yangu kajifunza kila kitu kwenye karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja mradi wa kukarabati magofu kwa fedha za Ufaransa na Japani, nasi vijana tukachukuliwa vibarua. Mafundi walitaka chokaa ya kizamani, ile ya kuchoma matumbawe. Saruji hawakuitaka kabisa. Ukuta wa matumbawe ni laini na unapumua. Ukiubandika saruji, chumvi na maji hunaswa nyuma yake, na siku saruji inapobanduka huondoka na nyama ya ukuta. Kwa hiyo tulipanga magogo kwa duara, juu yake tukapanga mawe ya matumbawe, tukatia moto, tukangoja. Moto ukishakufa unakuta rundo jeupe. Ukilimwagia maji linachemka, linatoa moshi, linavimba kama unga uliotiwa hamira. Halafu unaliacha likae, na kadiri unavyoliacha ndivyo linavyokuwa tamu kwa mwiko. Aliyetuelekeza alikuwa mzee wa Kisiwani ambaye hakuwahi kushika kitabu cha akiolojia. Baba yake alichoma chokaa, na babu yake vilevile, basi naye akaijua kama mtu anavyojua kupika wali.

Mzee huyo namkumbuka kila ninaposikia maneno "mji uliopotea". Maneno hayo yako kwenye vipeperushi, yako midomoni mwa madereva wanaowaleta wageni kutoka Dar es Salaam, na aibu yangu ni kwamba kwa miaka mitano ya mwanzo yalikuwa mdomoni mwangu pia. Yanauza. Mgeni akiambiwa amefika kwenye mji uliopotea hushusha sauti, hutembea polepole, na mwisho wa safari bahashishi huwa nono.

Aliyenikata kilimi alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo. Nilikuwa nimesimama na mama wa Kizungu, mtu mzima mwenye staha zake, mbele ya Msikiti Mkuu. Akaniomba nimwulize yule bibi: watu walioishi hapa walikwenda wapi? Nikatoa shikamoo, nikatafsiri. Bibi akamtazama mgeni, kisha akanitazama mimi, kama anayehakikisha kwamba swali ni hilohilo.

"Mwambie wamekwenda pweza," akasema. "Maji yakijaa watarudi."

Akaenda zake kisimani. Sikumtafsiria mgeni ipasavyo siku ile. Nilisema kitu juu ya Wareno.

Sasa nieleze kazi yenyewe ilivyo. Kutoka gati ya Kilwa Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita mbili za maji. Unakata kibali ofisini Masoko kwanza, kisha unapanda boti ya mashine au mashua ya tanga. Mimi hupendelea tanga, hata kama mgeni analalamika, kwa sababu ukiwa kimya katikati ya mlango wa bahari unaweza kueleza jambo ambalo nchi kavu halieleweki: kwa nini Kilwa, kwa nini isiwe mahali pengine. Bandari hii ina kina na imekingwa. Kaskazi, pepo zilizoleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, zilivifikisha hapa na bado ukabaki muda wa kuuza, kununua na kungoja kusi la kurudia nyumbani. Anayetaka kuendelea kusini hadi Sofala, kulikotokea dhahabu ya bara, angejikuta amepitwa na msimu. Basi dhahabu ilikuja Kilwa kwa vyombo vya watu wa Kilwa, na Kilwa ikaweka mkono wake juu ya mlango. Wageni wenye biashara zao huelewa hapo hapo. Mmoja, mwenye duka la jumla Kariakoo, aliguna akasema, "Kumbe walikuwa madalali." Sijapata kusikia mhadhiri aliyeieleza karne ya 14 kwa ufupi kuliko yeye.

Hapo hapo majini ndipo ninaposimulia habari ya nguo. Masimulizi ya kale ya Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiarabu na mengine yakapitia kwa Wareno, yanasema alikuja mtu wa Shirazi, Ali bin al-Hasan, akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenyeji akahamia bara. Baadaye akajuta, akakusudia kurudi na jeshi maji yakipwa, maana wakati huo watu walivuka kwa miguu. Basi wale wageni wakachimba mkondo, na maji hayakupwa tena. Watoto wa shule huipenda. Zamani niliisimulia kama mtu aliyekuwepo akipima doti. Siku hizi naongeza kipande ambacho wengi wetu tulikuwa tukikiruka, nacho kimo humo humo: kwamba wageni hao walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na jamaa zake, anaitwa Muriri wa Bari, na walikuwa tayari na msikiti wao. Kwa maneno mengine, hata hadithi yenyewe ya kununua kisiwa inakiri kwamba kulikuwa na wenyewe. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza vinasaba vya mifupa ya kale kutoka makaburi ya pwani ya Kenya na Tanzania walitangaza kwamba wazee wetu wengi wa mjini walikuwa wa mama Waafrika na baba waliotoka Uajemi, wakichanganyika tangu kama mwaka 1000. Nilipomsomea habari hiyo nahodha wangu, hakuonekana kushtuka. Alisema hivyo ndivyo walivyoambiwa siku zote, isipokuwa bure, bila mashine.

Jengo la kwanza linalokupokea ni Gereza, ngome yenye mlango mzito wa kuchongwa inayotazama bandari. Neno gereza tunaambiwa limetoka kwa Wareno, igreja, kanisa. Lilipoingia mdomoni mwetu likatoka likiwa jela, na wageni kutoka Ureno hawajui wacheke au wanune. Wareno walifika na kikosi cha Francisco de Almeida mwaka 1505, wakautwaa mji, wakajenga ngome, na kufikia 1512 walikuwa wamekwisha ondoka. Unaloliona leo ni la Waomani, la mwanzo wa karne ya 19, lililokalia mabaki ya Wareno. Upande wa baharini umeliwa. Nimeishi nikiuona ukuta ukipungua, jiwe kwa jiwe, msimu kwa msimu. UNESCO, iliyoyaandikisha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, iliyaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na iliyatoa humo mwaka 2014, baada ya kuta kuimarishwa, miti iliyoota juu yake kuondolewa na ufukwe kupandwa mikoko. Siku ya habari hiyo hapakuwa na sherehe. Nilikwenda nikaikagua mikoko.

Ndani ya Gereza ndipo Mreno mmoja, kijana, alinionyesha simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na chombo cha ibada cha kanisa, cha dhahabu tupu, kimenakshiwa mpaka macho yanachoka. Akanieleza kwamba kipo makumbusho ya Lisbon, kinaitwa Custódia de Belém, kilikamilika mwaka 1506, na dhahabu yake ni ile Vasco da Gama aliyomtoza sultani wa Kilwa alipopita hapa mwaka 1502. Nilikuwa na miaka minane kazini na sikuwa nikijua. Wenzangu wa zamani walikuwa wakiwaambia wageni kwamba dhahabu ya Kilwa imezikwa chini ya mibuyu, na vijana wamechimba mashimo usiku kwa uvumi huo. Kumbe nyingine iko kabatini, Lisbon, ina namba yake na taa yake. Tangu siku hiyo nina picha yake kwenye simu yangu, na nikifika pembe ile ya ngome naitoa. Wageni wengi hunyamaza. Watanzania huuliza kama inarudishwa.

Kwenye Msikiti Mkuu nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na huwa siongei dakika za kwanza. Nawaacha waingie waone matao yanavyofuatana, mwanga wa saa nne asubuhi ukishuka penye kuba zilizobomoka. Kisha nawapa kazi. Naomba wawili wanyooshe mikono na kupima upana kati ya nguzo na nguzo, halafu twende kwenye nyumba yoyote ya mawe tupime chumba. Majibu hayatofautiani sana: chini ya mita tatu. Hiyo ndiyo mita ya boriti ya mkoko. Ukitaka dari ya mawe na chokaa, uzito wake unahitaji boriti nene, na mkoko hautoi boriti ndefu yenye unene huo. Ndiyo maana nyumba za kale za mawe kote pwani, Lamu, Gedi, Songo Mnara, zina vyumba virefu na vyembamba kama korido. Wajenzi wa Kilwa walitafuta njia ya kuukwepa utumwa wa boriti, ndipo wakaja na matao na kuba. Sehemu ya kaskazini ya msikiti, iliyo kongwe, ya karne ya 11 na 12, ni ya boriti na nguzo. Ile pana ya kusini iliongezwa karne ya 14, ikaporomoka, ikajengwa upya karne ya 15 kwa matao na kuba tunazotembea chini yake. Ukishapima kwa mikono yako huhitaji mimi nikuambie kwamba jengo ni kubwa.

Wageni waliosoma hunishika kwa Ibn Battuta. Alipita hapa mwaka 1331, akaandika kwamba Kilwa ni mji mzuri kuliko mingi aliyoiona, umejengwa vizuri, tena wa mbao. Mbao? Na haya mawe? Zamani nilikuwa nababaika. Siku hizi nawageuza waangalie kijijini, hatua chache tu kutoka pale. Nyumba nyingi ni za miti na udongo, makuti juu, bati kwa mwenye nacho. Wakati wa dhahabu napo ilikuwa vivyo hivyo: watu wengi waliishi kwenye miti na udongo, na jiwe lilikuwa la msikiti, la sultani na la matajiri. Nyumba za udongo zimejengwa upya, na upya tena, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo sababu hakuna anayekata tiketi kuja kuziona. Mawe yaliyoachwa yakaanguka ndiyo yanayoitwa historia. Mimi naona ni mambo kinyume, lakini tiketi si mimi ninayeichapa.

Ibn Battuta alimkuta sultani aitwaye al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kwamba sultani alipotoka msikitini siku ya Ijumaa, fukara mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia, maana inapendeza, na watu wakitikisa vichwa kwa mshangao. Lakini masimulizi yanaendelea: mtoto wa sultani akazirudisha nguo zile kwa kumlipa fukara watumwa kumi, na sultani, alipoona watu wamefurahi, akaamuru aongezwe kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu ulilipwa kwa watu. Nilianza kuisimulia hadi mwisho baada ya kuwa na watoto mwenyewe, na sijui nieleze vipi uhusiano wa mambo hayo mawili.

Basi kutoka msikitini nawapeleka Makutani, penye kuta kubwa na jumba la masultani wa karne ya 18, nikiwa nimekwisha fungua mlango huo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa elfu moja kila mwaka, kila mmoja piasta 20, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa huko Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata biashara hiyo ilihamia zaidi upande wa bara, Kilwa Kivinje, na misafara iliyotoka ziwa Nyasa iliishia pale. Kuna wageni wanaotaka nimpate mwovu mmoja, awe Mwarabu au Mzungu, waondoke wamestarehe. Siwapi. Nawaonyesha jumba. Aliyeweka sahihi alikuwa wa kwetu.

Msikiti wa Malindi, makaburi yake, msikiti mdogo wa kuba, Jangwani: hayo tunayapita kwa mwendo wa kawaida, na kwenye makaburi ya masultani naomba watu wasikae juu. Si sheria ya makumbusho tu. Wapo wanaokuja pale kuomba dua, wakaacha ubani na kijitambaa, na mgeni aliyekaa kaburini akila ndizi ni mgeni niliyeshindwa kumfunza.

Husuni Kubwa ndiko nilikosemea uongo wangu mkubwa. Ni mwendo wa mashariki, kwa miguu ufukweni ikiwa maji yamepwa au kwa boti, halafu unapanda ngazi hadi juu ya jabali. Ndilo jumba la huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14: vyumba kama mia, nyua zenye madaraja, na birika la pembe nane lililochimbwa karibu na ukingo, bahari iko chini yake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba jumba halikukaliwa muda mrefu, na sehemu zake hazikumalizika kujengwa. Jumba kubwa kuliko yote ya wakati wake pwani hii, na tajiri wake hakulimaliza! Mtu aliyesimamisha nyumba kwa mkopo huko Mbagala hulisikitikia kwa namna ambayo Mjerumani hawezi.

Ila birika. Pembe nane, maji, sultani: ulimi haukuweza kujizuia. Niliwaambia wageni kwamba wake arobaini wa sultani waliogea humo, huku yeye akiwatazama kwenye kochi la jiwe. Nilionyesha na kochi. Siku moja nilikuwa na kundi la wanafunzi wa chuo kikuu, na binti mmoja, kashika futi kamba na daftari, akaniuliza kwa adabu tu, "Kaka, umejuaje?"

Nikasema tumerithi kwa wazee. Akauliza, "Wazee gani?" Alikuwa anataka kuandika jina. Sikuwa na mzee. Hadithi ile niliipata kwa mwenzangu wa kazi, naye aliipata kwa mgeni wa Kiitaliano. Nilirudi Masoko jua limezama nikajihesabia: nasema nini ambacho nimekiona, nini ambacho kimechimbwa, nini ambacho wazee wanakisema kweli, na nini nimekibuni kwa ajili ya elfu kumi. Kapu la mwisho ndilo lililokuwa limejaa. Nilianza upya na daftari langu, nikaenda kuwauliza wazee wa Kisiwani wenyewe, jambo ambalo kwa miaka yote ile sikuwa nimelifanya. Nilikuwa nikiwapita nikiwapungia mkono.

Wazee hawana wake arobaini. Wana majina: kisima hiki cha nani, shamba lile lilianzia wapi, mbuyu upi haukatwi, jabali lipi wavuvi hulitumia kama alama wakirudi gizani. Husuni Kubwa kwao ni alama ya baharini kwanza.

Nikiwa na wanafunzi sasa nawapa sarafu, yaani picha zake. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na kila moja ina maandishi ya Kiarabu pande mbili: upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande hizo zina vina. Unaanza shairi uso mmoja, unalimalizia mgongoni. Watu waliokuwa wakinunua samaki kwa beti, na tunashangaa pwani ina malenga! Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, njia ya dhahabu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na za Kiholanzi, na wataalamu hawajamaliza kubishana zilifikaje. Hapo huwaacha wanafunzi wabishane nao, inapendeza kuwasikiliza.

Songo Mnara nitaisimulia kwa kosa langu. Ni kisiwa cha kusini zaidi, mji wa karne ya 14 na 15, nyumba za mawe zaidi ya arobaini, misikiti, ukuta wa mji, na mimi huwaambia watu kwamba ukitaka kuuelewa mji wa Waswahili kama nyumba za watu wenye majirani, nenda kule. Kisiwani utaona ufalme, Songo Mnara utaona baraza, choo, ua wa nyuma. Lakini unafika kupitia kwenye mikoko, unashuka kwenye tope na maji, na lazima uingie na utoke na maji. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilinipa kundi na ratiba iliyochapwa: saa saba chakula, saa nane na nusu kuondoka. Nahodha aliniambia asubuhi kwamba maji yatapwa, tuondoke saa sita. Nikamwonyesha karatasi. Watu wakala kwa nafasi, wakapiga picha, na tulipofika kwenye boti ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, mikoko imesimama kwenye mizizi yake kama watu waliopandisha suruali. Tulikaa mpaka saa tatu usiku. Mbu walikula mataifa manne. Nahodha hakunigombeza, alilala. Tulipoelea alishika usukani akasema, "Kesho mwanangu uje na kalenda ya mwezi. Hiyo karatasi wape mbuzi."

Miaka ya karibuni meli za kitalii hutia nanga, na siku hizo tunatembeza watu mia na zaidi kwa saa tatu. Fedha inaingia, sitasema uongo. Akina mama huuza vikapu na mikeka, vijana wa boti hupata. Lakini kumweleza mtu boriti ya mkoko wakati mia wanakusukuma nyuma haiwezekani, na siku hizo nami husikika nikisema maneno yaleyale ya zamani, mafupi, yenye kuuza. Nikishatambua hukohoa kidogo, naanza upya.

Kama una siku mbili, ya pili ipeleke Kilwa Kivinje. Hakuna kibanda cha tiketi kwenye kila kona. Kuna boma la Wajerumani linaloanguka, nyumba za Wahindi zenye milango iliyochoka, soko la samaki, na Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga. Utakunywa kahawa kwa wazee wanaocheza bao, na hakuna atakayekuita uje uone kitu kilichopotea.

Juzi nilikuwa na familia kutoka Mwanza, baba, mama na watoto watatu, likizo. Tulimaliza Msikiti Mkuu saa tano, maji yamepwa mbali, mwamba umetoka mweusi hadi kwenye povu. Mtoto wa katikati, kama miaka tisa, akauliza lile swali. Nilimgeuza mabega, nikamwonyesha baharini, watu wadogo wadogo wanaoinama na vijiti, ndoo kiunoni.

"Wale pale."

Akahesabu. Alifika kumi na saba.

Tulipokuwa tunapanda boti saa nane maji yalikuwa yamerudi mpaka magotini, na dada mmoja akaja mbio na kapu, leso imelowa hadi kifuani. Alitaka pweza wake wafike Masoko kabla mnunuzi hajafunga. Nahodha akamwangalia yule baba wa Mwanza, kwa sababu boti imekodiwa na yeye, na baba akasogeza begi la kamera. Kapu likakaa katikati yetu. Mama akauliza bei ya kilo, dada akaitaja, mama akasema hiyo ni bei ya wageni, na wakaendelea kupatana hadi tulipogusa gati.